Kengele za Malishoni: Simfonia ya Alps Isikilizwapo Ngorongoro

Husimuliwa kwamba jina la Ngorongoro lilitokana na mlio wa kengele. Mfugaji wa Kimaasai alimfunga ng'ombe wake kengele shingoni, na kila mnyama alipopiga hatua kengele ikasema ngoro, ngoro, hata nyanda zile za juu zikaitwa kwa sauti hiyo. Wako waelezao asili nyingine ya jina, lakini hadithi ya kengele ndiyo iliyoenea, nayo yastahili kupendwa na washairi, kwani ni nadra mlima kupewa jina kwa kile kisikikacho badala ya kile kionekanacho.

Katika muziki wa Ulaya iko kazi kubwa ya okestra ambayo nayo husimulia mlima kwa masikio, na ndani yake mna kengele za ng'ombe hasa, zitikiswazo na wapigaji ngoma. Ni Eine Alpensinfonie, yaani Simfonia ya Alps, ya Mjerumani Richard Strauss (1864–1949). Mtunzi aliimaliza Februari 1915, na ikapigwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 28 Oktoba mwaka huo, mwenyewe akiongoza okestra ya Dresden aliyoitunukia kazi hiyo. Yahitaji wapigaji zaidi ya 120. Yahitaji pembe za shaba 20, na 12 kati ya hizo hupigwa nje ya jukwaa, zisionekane na hadhira, mfano wa wawindaji wapitao bonde la pili. Yahitaji pia ogani, mashine ya upepo na bamba la chuma la kutoa radi. Huchukua dakika hamsini hivi bila kituo, nayo imegawanywa katika sehemu 22 zenye majina: usiku, macheo, kupanda, kuingia msituni, kando ya kijito, maporomoko ya maji, malisho, kupotea vichakani, barafu, kilele, ukungu, tufani, kushuka, machweo, na mwisho usiku tena.

Chimbuko lake ni safari ya utotoni. Mwaka 1879 Strauss alipanda mlima pamoja na wenziwe, wakapotea njia, na tufani ikawakuta wakiwa wanashuka. Zaidi ya miaka thelathini baadaye, alipokwisha kujenga nyumba Garmisch chini ya milima hiyo hiyo, alirudi kwenye kumbukumbu ile. Kifo cha rafiki yake, mtunzi Gustav Mahler, Mei 1911, ndicho kilichomsukuma kuishika tena kazi aliyoianza zamani na kuiacha.

Msikilizaji wa pwani hana haja ya kuuogopa ukubwa huu. Tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa Unguja mwaka 1905, na Culture Musical Club ilipofuata mwaka 1958, masikio ya visiwani yamezoea kusikia fidla nyingi, kanuni, udi, nai na akodiani vikisema jambo moja kwa wakati mmoja. Yamezoea pia kuupima wimbo mmoja katika vinywa mbalimbali, na kubishana usiku kucha ni nani aliyeutendea haki. Kulinganisha rekodi za simfonia ni ubishi wa namna hiyo hiyo. Mwongozaji wa okestra ni mfasiri. Maandishi anayo mbele yake, na hawezi kuyaongeza wala kuyapunguza. Lakini mwendo, uzito, na kipi kisikike mbele ya kipi, hayo ni yake. Wapenzi wa Kiswahili wanajua kwamba hata mfasiri mmoja hawezi kuridhika na kazi yake kwa mara ya kwanza. Mwalimu Nyerere aliitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, kisha akaisahihisha na kuitoa upya kwa jina la Juliasi Kaizari mwaka 1969. Miongoni mwa waongozaji watakaotajwa hapa yumo aliyefanya vivyo hivyo.

Je, rekodi hizi zipimwe kwa mizani gani? Aghalabu wahakiki wa Ulaya huzipima kwa macheo na kwa tufani, yaani kwa mahali ambapo okestra nzima hupiga kwa nguvu zake zote. Lakini mtu aijuaye njia itokayo Karatu kwenda Ngorongoro atakuwa na mizani tofauti, kwa kuwa njia hiyo yafanana na simfonia hii kwa kiasi cha kushangaza, kisha yaachana nayo mahali penye maana.

Atokaye mji wa Karatu alfajiri huwa kwenye urefu wa mita 1,500 hivi juu ya bahari. Huyaacha mashamba ya ngano na kahawa ya udongo mwekundu, ambayo mengi ni ya nchi ya Wairaqw, akapita lango la Lodoare, na mara msitu humpokea. Miti huwa imevikwa kuvu na nyuzi za mimea itambaayo, na ukungu huja na kuondoka bila taarifa. Barabara hupanda kwa kuzunguka hadi kwenye ukingo, zaidi ya mita 2,300. Hapo msafiri aliyetazamia kilele hukuta shimo. Ardhi yaanguka kiasi cha mita 600, na chini yake kuna uwanda wa kilomita za mraba zipatazo 260 uliozungushiwa ukuta usiokatika. Amefika juu kabisa, na kila kinachostahili kutazamwa kiko chini yake.

Strauss aliijua hali hiyo. Tromboni zinapokwisha kukitangaza kilele, ushindi hauji papo hapo. Inasikika oboe peke yake, ndugu wa mbali wa nzumari ya pwani, ikianza kuimba kwa kigugumizi, inakatika, inarudia, kama mtu aliyeishiwa pumzi na maneno kwa pamoja. Baadaye ndipo okestra hujaa. Kwa hiyo mizani ya kwanza ni hiyo: je, mwongozaji anaiacha oboe igugumie, au ana haraka ya kuufikia mshindo?

Mizani ya pili ni nzito zaidi, nayo ni malisho. Ni sehemu ya tisa, ya dakika mbili au zaidi kidogo. Kengele za ng'ombe zinalia, filimbi zinaiga kondoo, na ndugu mkubwa wa oboe, mwenye sauti ya chini, anatoa wito wa mchungaji amwitaye mwenzake ng'ambo ya bonde. Kisha msafiri anaendelea na safari yake, anapotea vichakani, na malisho hayatajwi tena. Mahler alikwisha kuzitumia kengele kama hizi katika Simfonia yake ya Sita, iliyopigwa mara ya kwanza Essen mwaka 1906, na kwake zilisikika kutoka mbali, sauti ya ulimwengu unaoachwa nyuma. Kwa Strauss ziko karibu, na ni za mchana. Kasoro yake ni kwamba anazipita haraka. Katika sehemu zote 22, ukiwaondoa wawindaji wasioonekana, malisho ndiyo mahali pa pekee ambapo mlima una wenyeji. Kwingineko kote kuna mtu mmoja na maumbile, na maumbile yapo kwa ajili ya kumstaajabisha yeye.

Mbele ya mlima ulioitwa kwa mlio wa kengele, jambo hilo haliwezi kuwa dogo. Miaka ile ile Strauss alipokuwa akiandika, Ngorongoro ilikuwa ndani ya koloni la Wajerumani, na ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walikuwa na mashamba na mifugo ndani ya kreta. Mwaka 1959 Wamaasai walioondolewa Serengeti waliahidiwa kwamba Ngorongoro ingekuwa mahali pa watu, mifugo na wanyamapori pamoja. Juu ya ukingo kuna mnara wa mawe wa Michael Grzimek, aliyekufa katika ajali ya ndege Januari mwaka huo huo, na majivu ya baba yake, Bernhard, yaliletwa papo hapo baada ya kifo chake mwaka 1987. Bernhard Grzimek aliifanya Serengeti ijulikane duniani kwa kitabu na filamu, naye aliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kukaliwa na watu, hata wenyeji. Katika miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walihamishwa. Tangu 2022 kaya nyingi za nyanda za juu zimehamia Msomera, wilayani Handeni, katika mpango ambao Serikali huueleza kuwa ni wa hiari, na ambao wakazi wengi na watetezi wao wamekataa kuuita hivyo.

Simfonia haikuyasababisha haya, na mtunzi wake hakuwahi kuiona Ngorongoro. Lakini inabeba namna ya kuutazama mlima, ile ya mgeni apandaye, astaajabuye, ashukaye, na kwake mchungaji ni pambo la njiani. Ndiyo maana ni haki kumwuliza kila mwongozaji: umeyafanyaje malisho? Je, wenye mlima wamesikika?

Rekodi ya kwanza ilifanywa Berlin mwaka 1925 na Oskar Fried pamoja na Staatskapelle ya mji huo, kabla ya kipaza sauti cha umeme kuenea. Wapigaji walijibana mbele ya pembe ya bati, na kazi ikakatwakatwa vipande vya dakika nne nne ili ienee katika nyuso za sahani za santuri. Wazanzibari wanaijua adha hiyo. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa, nyimbo zilizokuwa zikirefushwa barazani ziliingizwa katika dakika chache za uso mmoja wa sahani. Tofauti ni kwamba sauti ya Siti na vyombo vichache vyake ilihimili kubanwa, lakini mlima wa Strauss haukuhimili. Kwa Fried hubaki ramani ya mlima, wala si mlima wenyewe. Hata hivyo yafaa kusikilizwa mara moja, kwa sababu ya ari ya watu waliojaribu lisilowezekana.

Strauss mwenyewe aliirekodi mwaka 1941 mjini Munich na okestra ya opera ya Bavaria. Ulikuwa wakati wa vita, naye alikuwa mzee wa miaka 77, mtu aliyekwisha kuutumikia utawala wa Hitler kama mkuu wa chombo cha muziki cha dola hadi mwaka 1935. Msikilizaji hawezi kuyasahau hayo, wala hapaswi. Lakini kuhusu muziki, rekodi hii ni shahidi asiyeweza kuachwa. Mwendo ni mwepesi, dakika 45 hivi, na hakuna mahali mtunzi anapoitazama kazi yake kwa mshangao. Anapanda kama mtu wa Garmisch apandaye mlima wa nyuma ya nyumba yake. Malisho hayapambwi, ni mahali pa kupita, penye ng'ombe, basi. Ukavu huo wasema kweli kuliko mahaba ya waongozaji wengi waliomfuata.

Georg Solti aliirekodi mwaka 1979 na okestra ya redio ya Bavaria, na mwendo wake ni wa kasi zaidi ya mtunzi, dakika zipatazo 44. Kwa saa ya mkononi wawili hawa wakaribiana, lakini kwa sikio hawafanani hata kidogo. Strauss ni mwepesi kwa mazoea. Solti ni mwepesi kwa hamu ya kufika. Shaba zake zakata kama panga, na barafu na hatari zake zasisimua kweli. Malisho ndipo anaposhindwa, kwani hupita kama yapitavyo kwa mtalii aliye ndani ya gari, aliyeambiwa kwamba lango litafungwa jioni. Oboe ya kileleni nayo haipewi nafasi ya kugugumia. Yasema sawasawa, kisha yaondoka.

Rekodi iliyoenea kupita zote ni ya Herbert von Karajan na Berlin Philharmonic, ya mwaka 1980. Ilikuwa miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa kuwekwa katika CD, teknolojia hiyo ilipokuwa ingali ya majaribio, na sauti yake ina ukali wa mambo mapya: nyuzi za juu zang'aa kama bati juani. Hapana tufani kubwa kama tufani ya Karajan. Aliyewahi kukutwa na mvua ya Aprili kwenye ukingo wa kreta, radi ikizunguka kuta na kurudi, atautambua mtikisiko ule. Macheo yake pia yana fahari. Lakini Karajan autaka mlima mzima kwa ajili ya okestra yake. Katika malisho kengele zake ni safi mno, kama zilizotolewa kabatini asubuhi ile; hazina matope wala shingo ya mnyama ndani yake. Kila kitu ni kizuri, na hakuna mwenyeji.

Bernard Haitink, mwaka 1985, akiwa na okestra ya Concertgebouw ya Amsterdam, ni kinyume chake. Hana papara wala majivuno. Ukumbi wa Amsterdam huzipa sauti umbali, na kwa hiyo wito wa mchungaji wasikika kweli ukivuka bonde. Upungufu wa Haitink ni ule wa mshairi ambaye vina na mizani yake havina kosa hata kimoja, na msomaji akifika kaditama hajashtushwa na neno lolote. Tufani yake yatisha kwa adabu. Ni rekodi ya kuishi nayo nyumbani, ingawa haitamwita mtu usiku.

Antoni Wit, Mpolandi, aliirekodi na Staatskapelle ya Weimar, mji ambao Strauss aliutumikia akiwa kijana, na kampuni ya Naxos ikaitoa kwa bei nafuu katika muongo wa 2000. Ni ya polepole kupita zote zilizotajwa, dakika 54 hivi. Mwanzoni upole huu huchosha, na msitu wake ni mrefu mno. Lakini anapofika malishoni, hupumzika. Kengele zake zina muda wa kulia na kunyamaza, na kwa mara moja msikilizaji hufikiri kwamba msafiri angeweza kubaki. Kwa jambo hilo moja Wit amestahili shukrani, hata kama okestra yake haina utajiri wa Berlin wala Amsterdam.

Imebaki ya Rudolf Kempe. Aliirekodi London mwaka 1966 na Royal Philharmonic, kisha akairudia mwaka 1971 na okestra ya Dresden, ile ile iliyotunukiwa kazi hii. Kempe alizaliwa karibu na Dresden, na kabla ya kushika fimbo ya uongozaji alikuwa mpigaji wa oboe katika okestra ya Gewandhaus ya Leipzig. Jambo hili lasikika. Kilele chake hakina papara: oboe yaanza, yasita, nyuzi zatetemeka chini yake, na msikilizaji aingiwa na wasiwasi kwamba huenda isimalize. Anayejua pumzi za chombo hicho ndiye awezaye kuthubutu kuiacha isite hivyo. Pembe za Dresden zina mtetemo kidogo, karibu na sauti ya mtu, kwa hiyo hata wawindaji wa mbali huwa watu. Na malisho kwake si pambo. Mwendo haubadiliki kwa makusudi ya kuonyesha kitu; kengele, filimbi na wito wa mchungaji vyaingia kana kwamba vilikuwapo siku zote na msafiri ndiye aliyetokea. Hapo Kempe amelipa deni ambalo maandishi yenyewe yaliliacha nusu. Tufani yake ni ndogo kuliko ya Karajan, na rekodi haina mng'aro wa zama za kidijitali. Lakini akimaliza kushuka, na jua likizama, na usiku wa mwanzo ukirudi kama kibwagizo kirudivyo mwisho wa ubeti, usiku huo wa pili una uzito ambao wa kwanza haukuwa nao. Msikilizaji amekumbuka waliobaki mlimani.

Basi hukumu ndiyo hii. Kempe wa 1971 ndiye wa kwanza, na mtunzi mwenyewe awekwe kando yake kama shahidi. Karajan asikilizwe kwa ajili ya macheo na tufani, Wit kwa ajili ya malisho, Haitink na atakayependa utulivu. Solti atawafaa wenye haraka, na wako wengi. Fried ni wa wapenzi wa historia.

Wala pasitokee wa kusema kwamba hii ni anasa ya watu wa mbali. Muziki wa Strauss uliandikwa na mtu wa taifa lililokuwa likitawala Karatu na Ngorongoro siku hizo hizo, na unafundisha waziwazi namna taifa hilo lilivyoipenda milima. Kuusikiliza kwa makini ni kujua kipi kilipendwa na kipi kilipitwa. Washairi wa pwani nao wamekuwa na bahari tele katika mashairi yao, na milima michache. Na milima hiyo michache, mara nyingi, imeandikwa kwa jicho la mgeni aliyeiona kutoka chini. Hapo kuna kazi ya kufanywa, na si ya wanamuziki peke yao.

Atakayeipata rekodi ya Kempe asiongeze sauti afikapo malishoni. Aiache iwe ya chini, kwa kiasi ambacho kengele husikika jioni kutoka ng'ambo ya bonde, ng'ombe wakirudi, kabla ya kuonekana ni wa nani.